Mbali na Jiko

Oberleiten, 14 Juni 1994

Wifi yangu Zenzi,

Tumsifu Yesu Kristo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Linz, wewe na Roswitha na mjukuu. Sisi huku hatujambo, isipokuwa kaka yako Lambert, ambaye hajambo lakini anasema ana jambo. Majani ya kwanza ya ng'ombe yamenyeshewa kabla hatujayaanika, basi analaumu kila kiumbe mpaka kuku. Nyumba yako nimeifungua madirisha Jumamosi, nikafagia, nikamwagilia yale maua yako mekundu. Usiseme wifi hana wema.

Ngozi zako za kupandia, hizi tunazobandika chini ya ski zisirudi nyuma mlimani, usiwe na wasiwasi nazo. Unakumbuka siku ile tuliposhuka mara ya mwisho kabla ya sikukuu ya Kupaa Bwana? Mvua ilitupiga mpaka kwenye mifupa, na tulipobadilishana ngozi pale mlangoni kama kila mwaka, kila mmoja atunze za mwenzake, zako zilikuwa zinachuruzika kama paka aliyetolewa kisimani. Nilizitundika darini siku tatu, mbali na jiko, mbali na jua. Kisha nikachambua sindano za misonobari zilizonasa kwenye gundi, moja moja, kwa kile kikoleo changu cha kung'olea nyusi. Ndipo nikazikunja gundi kwa gundi, manyoya nje, nikazitia kwenye mfuko wa kitani. Sasa zimelala kwenye kasha la nafaka huko darini. Zangu je?

Nilipokuwa nazikunja niliziona zile herufi alizochoma marehemu Korbinian kwenye ncha za mbele kwa msumari wa moto, K ya kushoto na Z ya kulia. Mume wako alikuwa na mkono, Mungu amrehemu. Wangu akikata ngozi za ski unaweza kudhani zimetafunwa na panya.

Imebaki mara moja tu, wifi. Kumi na tisa tumepanda. Tarehe mbili Februari tukifika kwenye kikanisa cha Bikira Maria wa Theluji kule Rossjoch na kuwasha mshumaa wa ishirini, nadhiri yetu imetimia. Lambert anasema yeye hakutuomba nadhiri yoyote. Nikamwambia, ungeomba saa ngapi, na wewe ulikuwa umefukiwa na theluji siku mbili kwenye zizi la kondoo, mguu umevunjika? Akaenda kuwalaumu kuku.

Rudi mapema. Watu wanauliza.

Wifi yako,
Notburga


Linz, 27 Juni 1994

Wifi Burgl mchokozi,

Milele amina.

Huku ni tambarare kama sinia. Natoka nyumbani, nakwenda dukani, narudi, na miguu inaniuliza, ndiyo imekwisha hiyo? Roswitha alikuja kunichukua akisema nimsaidie mtoto. Mtoto yuko shule ya chekechea mpaka saa tisa. Nakaa na paka.

Ngozi zako ziko ghala la chini, pale kuna baridi na giza, usihofu. Juzi nilizitoa nizipige brashi kwenye baraza. Jirani, Bi Pachinger, akachungulia akaniuliza, "Mama, huyo mbwa alikufa lini?" Nikamwambia, "Hajafa, anapumzika mpaka Februari." Tangu siku hiyo ananisalimia akiwa ng'ambo ya barabara.

Zangu zilikauka? Usiziweke karibu na jiko, Burgl. Nakujua, wewe ukiona kitu kimelowa mkono unakuwasha.

Mpige kaka yangu teke moja kwa niaba yangu, ule mguu mzima.

Zenzi


Oberleiten, 31 Julai 1994

Wifi mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimecheka mbwa wa Bi Pachinger mpaka Lambert akaja kuuliza nani amekufa.

Joto la mwaka huu sijaliona tangu niolewe. Darini huwezi kukaa hata dakika kumi, mbao zinatoa utomvu. Jana nilifungua kasha la nafaka, nikashika gundi ya ngozi zako kwa kidole, kidole kikanasa kikavuta nyuzi kama jibini ya moto. Nikasema hapana, hazibaki hapa. Nimezihamishia mahali penye baridi kuliko pote hapa Oberleiten, kuta zake unene wa mkono mzima, giza, pakavu, tena pa heshima. Sikutajii, utanicheka. Utajua ukija Novemba, siku ya Mtakatifu Martini.

Kwa hiyo lala usingizi. Wenzako waliozikunja wakaziacha kwenye magari wataziona Novemba zimekuwa uji.

Nakuombea kila jioni kwenye rozari, fungu la tatu ni lako.

Notburga


Linz, 18 Agosti 1994

Wifi Burgl,

Milele amina.

Nina kichekesho. Nilizitoa ngozi zako nizipige brashi barazani, na jirani mmoja hapa, Bi Pachinger, akachungulia akasema, "Mama, huyo mbwa alikufa lini?" Nikamwambia, "Hajafa, anapumzika mpaka Februari." Sasa ananisalimia akiwa ng'ambo ya barabara.

Na zangu? Zilikauka? Zikae mbali na jiko. Korbinian alizikata mwenyewe, unajua. Hakuna nyingine.

Miguu inaniwasha kwa kutaka kupanda. Napanda ngazi za jengo hili, ghorofa nne, nashuka, napanda tena. Roswitha ananiambia, "Mama, kaa." Nikikaa nasahau nilikuwa nataka nini, basi nasimama.

Zenzi


Oberleiten, 20 Septemba 1994
(Barua hii haikutumwa. Ilikaa ndani ya kitabu cha sala.)

Zenzi,

Bora niseme upesi. Nimeziharibu ngozi za Korbinian.

Niliziweka sakristia, kwenye chumba cha mavazi ya misa. Kwenye ile droo kubwa ya kasula ya zambarau, lile joho la padri, kwa sababu kasula ile haiguswi kuanzia Pasaka mpaka Majilio, na ufunguo wa droo ninao mimi peke yangu, mtunza sakristia. Ni pakavu, baridi, giza. Nilifikiri, hata vitu vya Mungu mwenyewe vinatunzwa hapa, ngozi za wifi yangu zitapungukiwa na nini? Droo ni nyembamba, basi nikazitoa kwenye mfuko wa kitani ili zisiivimbishe.

Nikasahau kafuri. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii, nilikuwa nimemwaga kafuri mle ndani baada ya Pasaka, konzi nne, kuzuia nondo. Leo nimefungua. Kafuri imeilainisha gundi ikawa kama asali mbichi, ikatoka pembeni, ikanywewa na manyoya. Nilipovuta, gundi yote ya K ikabaki kwenye Z, na kipande cha manyoya ukubwa wa kiganja changu kikang'oka. Palipobaki ni uwazi kama utosi wa Lambert. Na kasula ya Baba Gebhard imegandamana kwa nyuma.

Nimekaa kwenye ngazi za sakristia nimelia. Halafu nikajiuliza, nitamwambiaje mtu aliyeniuliza mara mbili, nami nikamwambia alale using...


Oberleiten, 22 Septemba 1994

Wifi mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo.

Ngozi zako ziko salama kabisa, hata usiulize. Ng'ombe wameshuka kutoka mlimani wote wazima, wamevishwa maua, yule wako mwekundu alitangulia mbele kama malkia. Nimekaanga maandazi ya jibini mia na ishirini. Hali ya hewa nzuri. Lambert anakusalimu. Kila kitu kiko sawa.

Notburga


Linz, 9 Oktoba 1994

Wifi Burgl,

Hujaniambia kama ngozi zangu zilikauka. Niambie ukweli, ziko mbali na jiko? Hakuna nyingine, alizikata Korbinian.

Zako nazitunza. Juzi Bi Pachinger, jirani, aliniona nazo barazani akaniuliza, "Mama, huyo mbwa alikufa lini?" Nikamwambia, "Hajafa, anapumzika mpaka Februari." Ilibidi nikusimulie.

Nakuja Martini.

Zenzi


Oberleiten, 17 Oktoba 1994

Zenzi,

Tumsifu Yesu Kristo, ingawa leo moyo wangu si wa kusifu.

Mara tatu umeniuliza kuhusu jiko. Mara tatu umenisimulia huyo mbwa wa Bi Pachinger, neno kwa neno, amekufa, hajafa, amekufa, hajafa. Mimi si mjinga. Shule niliacha na miaka kumi na nne lakini kusoma najua. Kama kuna mtu wa hapa amekupelekea maneno, sema wazi, "Notburga, nimesikia hivi na hivi." Usinizungushe kama ndama kwenye kamba. Miaka kumi na tisa tumekuwa tunakabidhiana ngozi, wewe zangu, mimi zako, kama walivyofanya mama zetu, ili kila mtu apande akimtegemea mwenzake. Umewahi kuona nimekutupa?

Sasa nimeandika hivyo na najuta, lakini karatasi ni moja na stempu nimeshabandika.

Njoo Martini. Tutasemezana ana kwa ana.

Notburga


Oberleiten, 20 Novemba 1994

Zenzi wifi yangu,

Nilikungoja kituo cha basi la posta siku ya Martini. Basi la saa nane, basi la saa kumi, basi la mwisho. Dereva akaniambia, "Mama, huyo unayemngoja labda anakuja na ndege." Bata nilikuwa nimemchoma. Lambert alikula paja lako, akasema limekauka.

Hukuja wala hukuandika. Basi ujue kwamba silali vizuri. Nikiwa zizini nafikiria nyumbani, nikiwa nyumbani nafikiria sakristia, nikiwa sakristia nakimbia. Kama umenikasirikia, nikasirikie kwa barua, hata mistari miwili. Theluji imeshafika kwenye malisho ya juu, na nadhiri haipandwi na mtu mmoja. Tuliapa wawili.

Notburga


Linz, 29 Novemba 1994

Mkaza mjomba Notburga,

Shikamoo. Ni mimi Roswitha. Nimeziona barua zako kwenye droo ya mama, na ile ya mwisho aliipokea, akaisoma, akaiweka, baada ya saa moja akaniuliza kama umeandika.

Nilipaswa kukwambia mwezi wa tano. Sikumleta mama Linz anisaidie mtoto. Nilimleta kwa sababu alikuwa anaacha maziwa motoni anatoka, na mara moja Machi alipotea njia ya kutoka kanisani kwenda nyumbani kwake. Alinikataza nisiwaambie. Alisema, "Burgl akijua atanihurumia, na Burgl akimhurumia mtu hachoki." Daktari anasema kumbukumbu inakwenda na haitarudi. Mwili ni mzima, moyo wa msichana.

Hajakasirika. Hakuna aliyemletea maneno. Anauliza kwa sababu hajui kama ameshauliza.

Sasa hizo ngozi zako. Mkaza mjomba, zinatumaliza. Kutwa mara kumi na tano anashuka kwenda ghala la chini, anazileta juu, anazibandua, anazitazama, anaona jiko, anaogopa, anazirudisha. Paka analala juu ya gundi. Nimechoka. Nimezificha kabatini kwangu na kufunga. Naomba nizitume kwa posta, na naomba usimtajie tena Februari. Hapandi popote. Nisamehe.

Msalimie mjomba.

Roswitha


Oberleiten, 8 Desemba 1994
Sikukuu ya Mkingiwa Dhambi ya Asili

Mwanangu Roswitha,

Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikampa Lambert. Alisoma, akatoka, akapasua kuni za wiki mbili. Ndivyo alivyo, unamjua mjomba wako.

Nami nina langu. Mama yako alikuwa ananiuliza kwa kusahau, na mimi nikadhani ananiuliza kwa kujua, kwa sababu nilikuwa na hatia. Ngozi alizokata baba yako niliziharibu kwa kafuri ndani ya droo ya sakristia. Nilimdanganya mama yako. Halafu nikamgombeza kwa sababu yeye hakudanganya. Nimeyaungama.

Tena sikuyaungama kwa hiari. Jumapili ya kwanza ya Majilio Baba Gebhard alivaa kasula ya zambarau. Nilikuwa nimeisugua gundi ikatoka, nikadhani imetoka yote. Alipopiga goti mbele ya tabernakulo, mgongo ukawa kwetu sote, na pale chini ya msalaba wa dhahabu palikuwa na kishungi cha manyoya ya mbuzi kimesimama kama mkia. Kwaya nzima ilishikwa na kikohozi. Baada ya misa akaniita. "Notburga, mimi ni mchungaji au mimi ni mbuzi?" Nikalia, nikasema yote. Malipizi yangu ni kushona kasula, na nimeshona.

Na ngozi nimezitengeneza. Jioni tisa. Niliweka karatasi ya kaki juu ya gundi mbovu, nikapitisha pasi ya uvuguvugu, nikavuta karatasi na gundi ikaja nayo, tena na tena mpaka kitambaa kikawa kitupu. Lambert akakaa pale na kiko chake, "Ukimaliza hizo nipige pasi na mimi, labda nitanyooka." Kisha gundi mpya, tabaka tatu nyembamba, kila moja inakauka usiku kucha chumba cha baridi. Pale palipong'oka manyoya nimeshonea kipande nilichokata kwenye ngozi za Lambert. Hajui bado. Herufi za baba yako sikuzigusa.

Nilimwuliza Baba Gebhard juu ya nadhiri. Akasema anaweza kuibadilisha, tukasali rozari hapa chini na Mungu ataridhika. Nikasema nitafikiri. Nimefikiri, mwanangu, na naona si Mungu anayeihitaji hiyo safari. Ni mama yako. Aliniandikia mwenyewe kwamba anapanda ghorofa nne na kushuka. Huyo mtu anaifuata njia ya Rossjoch na nyinyi mmempa ngazi.

Naomba jambo moja. Mtolee ngozi zangu hapo kabatini. Tafuta ubao wowote mrefu, umpe, usimwambie neno. Utazame mikono yake. Ukiona haijui, sitakusumbua tena.

Nakubusu wewe na mtoto.

Mkaza mjomba wako,
Notburga


Linz, 4 Januari 1995

Mkaza mjomba,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya.

Tangu nizifiche ngozi mama alitulia. Nilifurahi siku mbili. Kisha nikaona anavyotulia. Anakaa na mikono mapajani, hatafuti kitu chochote, hata chakula mpaka nimwambie.

Jana nilizitoa. Sina ubao mrefu, nikampa ubao wa kupigia pasi. Usicheke. Alizibandua kwa mvuto mmoja, akachambua nywele za paka, akaingiza kitanzi kwenye ncha, akabandika kuanzia mbele kwenda nyuma, akilainisha kwa kiganja, bila hata kiputo kimoja. Kisha akanitazama, akasema, "Gundi hii imechoka. Burgl atateleza. Mwambie abebe kamba." Mwaka mzima hajaniambia sentensi yenye kesho ndani yake.

Tunakuja tarehe 31. Mimi sipandi, nitangoja chini na mjomba. Lakini ukimpoteza mlimani, mkaza mjomba, usirudi na wewe.

Roswitha


Linz, 22 Januari 1995

Wifi Burgl,

Roswitha amekaa pembeni ananiambia umejua. Basi sawa. Najua kwamba nasahau. Asubuhi najua vizuri zaidi. Sasa ni asubuhi.

Usinihurumie. Ukinihurumia nitakusukuma kwenye kilindi cha theluji, halafu nitasahau nilikuweka wapi.

Nimeandika ukutani: tarehe 2, Rossjoch, mshumaa, Burgl, kamba.

Ngozi zangu zilikauka?

Zenzi


Oberleiten, 12 Februari 1995

Zenzi wifi yangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo.

Roswitha ameniambia kwamba tangu mrudi Linz unamwuliza kila siku tutapanda lini. Kwa hiyo nakuandikia yote, na barua hii ikae ndani ya mfuko wa kutunzia ngozi zangu. Ukizitoa, soma.

Tumepanda. Tarehe mbili Februari 1995, siku ya Bwana kutolewa hekaluni, mimi na wewe, mara ya ishirini. Tuliondoka saa moja asubuhi baada ya Baba Gebhard kutubarikia mishumaa. Lambert na Roswitha walibaki kwenye kibanda cha chini na chupa ya chai. Wewe ulitangulia. Nilikuachia makusudi nione, na hukukosea hata kona moja, ulifuata njia kama ng'ombe anayejua zizi lake.

Pale msituni ukageuka ukaniuliza, "Burgl, ngozi zangu ulizikausha mbali na jiko?" Nikasema moyoni, sasa. Nikakwambia yote: droo, kafuri, gundi kama asali, kipande kilichong'oka. Ulisimama. Ulikuwa mwekundu. "Kafuri! Kwenye ngozi za Korbinian! Wewe una akili au una makapi?" Uliniita majina ambayo sitayaandika kwenye barua ya siku takatifu. Kisha ukageuka ukapanda kwa hasira, upesi kiasi kwamba nilishindwa kukufuata. Nililia nikipanda, lakini nilikuwa mwepesi.

Kwenye ule mteremko chini ya jiwe jeusi ndipo ngozi yangu ya kulia ikabanduka. Gundi ilikuwa imejaa nywele za paka wenu, haikushika kitu. Ski ikarudi nyuma, nikaanguka kwa ubavu, nikaanza kuteleza. Uliuchomeka mkongojo wako thelujini ukanidaka kwa mkanda wa mfuko. Ukanikalisha kama mtoto. Ukavua glavu, ukaipangusa ngozi yangu barafu kwa ukingo wa ski, ukaitia ndani ya fulana yako tumboni ipate joto, ukafumba macho kwa baridi yake, ukanitukana kidogo. Tulikaa hivyo muda wa fungu zima la rozari. Kisha ukaitoa, ukaibandika, ukaizungushia kamba mara tatu. Kamba uliyoleta wewe, imeandikwa ukutani kwako. Mimi nilikuwa nimesahau yangu nyumbani. Mimi, Zenzi. Mimi ndiye niliyesahau.

Halafu ulitazama huku na huku, ukaniuliza hapa ni wapi. Ulishika mkono wangu kwa nguvu. Ulitaka kushuka. Nikakwambia, hapa ni chini ya jiwe jeusi, kule juu ni Mama wa Theluji, tazama ngozi zako, zimeshika, hazirudi nyuma. Ulitazama chini ukaona K na Z. Ukasema, "Alizikata Korbinian." Nikasema ndiyo. "Ulizikausha mbali na jiko?"

Basi nikakiri tena. Droo, kafuri, asali. Ukakasirika tena, upya kabisa, "Kafuri! Wewe una akili au una makapi?" Ukapanda tena. Hasira ile ilitufikisha mlangoni mwa kikanisa, wifi. Siamini tungefika kwa kitu kingine.

Mshumaa uliuwasha wewe. Upepo uliuzima mara mbili, ukaukinga na kofia yako. Sala ulianza wewe, na hukukosa neno. Nilimshukuru Mungu kwa Lambert, kama kila mwaka, halafu nikasema, nadhiri imekwisha, Bwana, sasa sijui nikuahidi nini. Tulikula nyama kavu na mkate mweusi tukiwa tumekaa kwenye kizingiti, bonde lote chini yetu. Ulikuwa umetulia. Ukazibandua ngozi zako uzikunje kwa kushuka, ukakipata kile kiraka, ukakipapasa kwa kidole.

"Hiki nini?"

Nikakiri mara ya tatu. Nilikuwa nimejiandaa kwa makapi. Lakini ulikipapasa tena, ukauliza, "Kipande hiki umekata wapi?" Nikasema, kwenye ngozi za Lambert. "Anajua?" Hajui. Zenzi, ulicheka mpaka ukashika ukuta wa kikanisa. Ulicheka mpaka nami nikacheka, na kule kibandani Roswitha anasema walisikia sauti wakadhani ni ndege. Baba Gebhard alinisamehe mara moja tu na kwa upole. Wewe ulinitukana mara mbili, ya tatu ukacheka, na mimi nimelala usingizi siku kumi mfululizo.

Lambert sasa anajua. Yuko uani, analaumu kuku.

Nadhiri imetimia, kwa hiyo hatukuwa na sababu ya kubadilishana tena. Lakini ulipokuwa unaingia garini ulininyooshea zako, na mimi nikakupa zangu. Roswitha alitaka kuzuia, kisha akaacha. Basi zangu ndizo hizo ulizoshika. Paka asilale juu yake. Na kama atalala, alale, nitapiga pasi.

Zako zimekauka. Ndiyo, wifi. Siku tatu darini, kisha chumba cha kaskazini, kwenye mfuko wa kitani. Hakuna kafuri. Ziko mbali na jiko.

Niulize tena kesho.

Wifi yako,
Notburga